Bei ya jina la Mwakinyo

Katika ngumi za kulipwa, kila pambano lina anayeuza tiketi na anayeletwa. Septemba 8, 2018, jijini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuwa ameletwa.

Anayeletwa huitwa zikiwa zimebaki siku chache, hulipwa kidogo, na hupanda ulingoni mbele ya mashabiki wa mwenzake. Kazi yake ni kupigwa vizuri ili rekodi ya mwenyeji inenepe. Usiku ule mwenyeji alikuwa Sam Eggington, aliyewahi kushika mkanda wa Ulaya na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemsimamisha Paulie Malignaggi, bingwa wa zamani wa dunia. Pambano lenyewe lilikuwa la utangulizi tu. Watu walikuwa wamekuja kumtazama Amir Khan. Mwakinyo akammaliza Eggington raundi ya pili.

Tangu siku hiyo Watanzania wanaulizana kama jina lililozaliwa Birmingham lina bondia wa kulibeba. Kurasa za michezo hujibu kwa ushindi na vipigo. Huku kwenye biashara tunaanza na bei.

Mtandao wa BoxRec hupanga mabondia kwa hesabu ya alama, na ukimpiga mwenye alama nyingi unazoa nyingi. Ndiyo maana Mwakinyo aliruka ghafla hadi ndani ya 20 bora wa uzito wake. Kwa mapromota wa Ulaya, hiyo ni kumbukumbu ya rekodi. Redioni na vijiweni kwetu ilisomwa kama cheo. Kampuni ya kubashiri ikajitokeza kumdhamini, na kufikia Machi 2019 bondia wetu alikuwa Nairobi akimpiga Sergio González wa Argentina. Aliyekuwa akiletwa sasa analetewa.

Na hapo ndipo penye utamu wa hesabu. Promota wa Dar es Salaam anayetaka pambano la kimataifa hulipia ndege na hoteli ya mgeni pamoja na kocha wake, ukumbi, ulingo, waamuzi, daktari na ada ya taasisi yenye mkanda, kabla hajagusa malipo ya mabondia wenyewe. Viingilio peke yake mara nyingi haviwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo hutegemea televisheni na wadhamini, na hao hununua jina. Jina likipigwa, mali imeharibika. Basi mgeni anayeitwa lazima awe na sifa za kuandikwa kwenye bango, lakini asiwe wa kuhatarisha mtaji.

Tazama Julius Indongo wa Namibia. Bango lilisema bingwa wa zamani wa dunia, na ni kweli: aliwahi kushika mikanda ya IBF na WBA. Lakini ubingwa huo ulikuwa wa uzito wa chini zaidi, Terence Crawford alikuwa amemwangusha raundi ya tatu mwaka 2017, na alipokuja Dar Septemba 2021 alikuwa na miaka 38. Mwakinyo alimmaliza raundi ya nne. Ushindi mzuri, ukumbi umechangamka, kila mtu kapata chake. Kuhusu ubora wa Mwakinyo haukutuambia mengi. Arnel Tinampay, Mfilipino asiye na jina kubwa, alitufundisha zaidi mwaka 2019 kwa kumsumbua raundi zote kumi, hata baada ya matokeo watu wakatoka Uwanja wa Uhuru wakibishana.

Mtihani wa kweli ulikuja Septemba 3, 2022, Liverpool, dhidi ya Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO. Mara hii Mwakinyo alikuwa kwenye pambano kuu, lakini soko lilikuwa la Smith. Alisimamishwa raundi ya nne, akalalamikia mguu na viatu. Inawezekana. Ila Smith, miezi minne baadaye, alikuwa Manchester akimwangusha Chris Eubank Jr katika pambano kubwa zaidi. Mwakinyo alirudi Dar kumkabili Kuvesa Katembo wa Afrika Kusini.

Mimi simlaumu kwa kurudi. Nyumbani ana mashabiki, kauli kwenye mkataba, na hakuna anayemwita siku chache kabla. Anayelipwa vizuri bila kuvuka bahari ana sababu gani ya kwenda kuchezea jina lake Uingereza kwa masharti ya mwenyeji? Lakini kauli hiyo nayo ina gharama. Mwishoni mwa Septemba 2023 hakupanda ulingoni kwa pambano lililopangwa, akidai makubaliano hayakutimizwa, na kamisheni ya ngumi za kulipwa ikamfungia mwaka mmoja. Hata hivyo, Januari 2024 alipigana Zanzibar, visiwa vilivyokuwa vimefungulia ngumi mwaka uliotangulia baada ya marufuku ya tangu 1964, akamshinda Elvis Ahorgah wa Ghana.

Wakati huohuo soko limejifunza jambo lisilomtegemea yeye. Twaha Kiduku na Dulla Mbabe, wote wa hapahapa, walizichapa 2020 na 2021, na nchi nzima ikawa na upande. Hakukuwa na mgeni wa kununuliwa tiketi ya ndege. Pambano la Mwakinyo na Kiduku mashabiki walilidai kwa miaka bila kulipata, na sababu inaeleweka: mmoja wao angeshuka bei.

Kwa hiyo, ametimiza matarajio? Ulingoni, hapana. Ushindi wake mkubwa kuliko wote bado ni ule wa 2018, aliopata akiwa hana jina la kulinda. Sokoni ameuza kuliko alivyoahidi, na promota anayesubiri mkanda wa dunia kutoka kwake angefanya vizuri kumtafuta kijana ambaye bado anakubali kuletwa.