Kupokea Malipo Mtandaoni: Je, Makato ya Benki ni Riba?



Ndugu zetu wanaouza viungo, mikoba ya ukindu na nguo kwa wateja wa Oman na Uingereza, na wengi wao ni kina mama, wanauliza sana: benki ikinikata sehemu ya kila malipo ya kadi, hiyo si riba? Wapo walioacha kufungua akaunti ya kupokelea malipo kwa khofu hiyo. Wapo pia waliofungua bila ya kusoma walichokitia saini, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Hatuwezi kuhukumu jambo kabla ya kulielewa. Mteja aliyeko Maskati anapoandika namba ya kadi yake katika duka lako la mtandaoni, ombi linakwenda benki yako, linapita katika mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, mpaka benki iliyompa kadi. Benki ile ikiridhia, jibu linarudi kwa sekunde chache. Lakini fedha zenyewe hazijafika mkononi mwako. Zinaingia kwanza katika akaunti ya mfanyabiashara, zinakaa siku moja, mbili au zaidi, kisha zinahamishiwa kwenye akaunti yako ya kawaida baada ya makato. Tuseme makato ni asilimia 3: ukiuza kwa shilingi 100,000 unapata 97,000, na zile 3,000 wanagawana benki yako, mtandao wa kadi na benki ya mteja.

Sasa zile 3,000 ni za nini? Riba ya mkopo ni ziada anayotozwa mkopaji juu ya deni lake. Wewe hapa hukukopa kitu; umekusanyiwa fedha zako kutoka nchi nyingine, na huo ni ujira wa kazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikwisha pitisha mwaka 1990 kuwa mikataba ya kuuziana kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa inasihi. Mwaka 2000, katika kikao cha Riyadh, likazungumzia kadi za mkopo na likajuzisha benki inayotoa kadi kuchukua ujira kutoka kwa muuzaji, kwa sharti kwamba muuzaji auze kwa bei ile ile ya fedha taslimu.

Sharti hilo ndilo linalosahauliwa madukani. Anayemwongezea mteja wa kadi 3,000 ili afidie makato ametoka nje ya ruhusa hiyo. Yahesabu makato katika gharama zako, kama unavyohesabu kodi ya fremu na umeme, na bei iwe moja kwa wote.

Riba huingia kwa mlango mwingine. Baada ya miezi michache ya mauzo mazuri unaletewa ujumbe: chukua milioni 5 leo, tutakata kidogo kidogo kwenye mauzo yako mpaka itimie milioni 5 na nusu. Huo ni mkopo wenye ziada, hata ukiitwa huduma au msaada kwa wajasiriamali. Vilevile ukiambiwa ulipe kidogo ili fedha ambazo zingetoka baada ya siku saba uzipate leo, unauza deni lako kwa pungufu. Kataa yote mawili. PBZ ina huduma za benki za Kiislamu, na Amana Bank inaendeshwa yote kwa misingi hiyo; anza kuulizia huko.

Jengine ni kuuza usichonacho. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkataza Hakiym bin Hizaam (Radhwiya Allaahu 'anhu) kufanya hivyo. Anayeweka picha ya bidhaa iliyoko dukani kwa mwenziwe, akapokea malipo, kisha ndipo akaitafute, yumo humo. Ikiwa unashona au unasuka kwa oda, hiyo ni istiswnaa' na inafaa, ila taja wazi kipimo, rangi na siku ya kumaliza. Sonara wa dhahabu asiingie kabla ya kuuliza, maana dhahabu ina sharti la mkono kwa mkono.

Fahamu pia kuwa mteja wa kadi anaweza kulalamika benki kwake, mara nyingi hadi siku 120, na fedha zikarudishwa kwake kutoka akaunti yako. Akiwa na haki, mrudishie kabla hajafika huko. Akiwa hana, risiti ya posta na maandishi mliyoandikiana ndiyo ushahidi wako. Kwa hiyo usizitumie fedha za mzigo usiofika.

La mwisho linagusa familia nyingi. Benki itataka cheti cha usajili wa biashara kutoka BPRA, leseni, namba ya mlipa kodi na kitambulisho. Kwa kukwepa usumbufu huo, mtu humwambia kaka yake aliyeko ng'ambo apokee malipo kwa jina lake. Kwanza, ni kuidanganya benki, na akaunti inaweza kufungwa fedha zikiwemo ndani. Pili, na hili ni zito: kaka akifariki, warithi wake watazikuta fedha kwa jina la marehemu. Nani atathibitisha kuwa ni za dada yake wa Makunduchi, na si mirathi ya mayatima? Kama kweli yeye ni wakala au mshirika wako, benki iambiwe, na baina yenu muandike na mshuhudishe, kama tulivyoamrishwa kuyaandika madeni katika Suuratul-Baqarah, Aayah ya 282. Walioanza bila ya maandishi waandike sasa, wote wawili wakiwa hai.

Wa Allaahu A'lam.