Hesabu za moli zinakutoa jasho? Anza na kilo ya misumari

Wanafunzi wengi wakifika kidato cha tatu na kukutana na moli, ndipo wanaanza kuikimbia Kemia. Na ukishaikimbia, ndoto ya kusomea uuguzi, famasia au maabara inakuwa ngumu. Bahati nzuri, hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu.

Moli ni idadi

Dazeni ni vitu 12. Rimu ni karatasi 500. Moli nayo ni chembe 6.02 × 10²³. Namba ni kubwa hivyo kwa sababu atomi ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu moja moja.

Sasa fikiria duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji hahesabu misumari, anaipima kwa kilo. Akijua uzito wa msumari mmoja, anajua mfuko una mingapi. Mkemia naye anafanya hivyo hivyo: anapima gramu ili ajue idadi.

Hatua tatu za kushika

1. Tafuta uzito wa moli moja kwa kujumlisha namba za jedwali la elementi. Maji, H₂O: (1 × 2) + 16 = gramu 18.
2. Una gramu, unataka moli? Gawanya. Maji gramu 90 ÷ 18 = moli 5.
3. Una moli, unataka gramu? Zidisha. Moli 3 za maji × 18 = gramu 54.

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga

Chukua mfano wa kuchoma chokaa:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Ukichoma gramu 500 za CaCO₃ safi hadi iishe, utapata gramu ngapi za CaO?

Wengi wanajibu 500, kwa kuwa mlinganyo unaonyesha moja kwa moja. Wamekosa. Uwiano ule ni wa moli, si wa gramu. Kwa hiyo pita kwanza kwenye moli:

- Moli 1 ya CaCO₃: 40 + 12 + (16 × 3) = gramu 100
- 500 ÷ 100 = moli 5
- Moli 5 za CaCO₃ zinatoa moli 5 za CaO
- Moli 1 ya CaO: 40 + 16 = gramu 56
- 5 × 56 = gramu 280

Gramu 220 zimeenda wapi? Zimepaa hewani kama CO₂: moli 5 × 44 = 220. Jumlisha 280 na 220, unarudi kwenye 500 yako. Jumla ikigoma, rudi nyuma, kuna mahali umeteleza. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika moja kwenye mtihani.

Zamu yako

Unataka gramu 112 za CaO. Uchome CaCO₃ kiasi gani? Ukipata gramu 200, basi moli umeshaielewa.