Mwizi wa Maziwa Kiweleni

KATIKA nchi kavu ya Kiambere, Mbeere Kusini, karibu na bwawa la umeme lililokamilika mwaka wa 1988 kwenye Mto Tana, ng'ombe wa maziwa si mali ya mchezo. Maziwa yake ni chai ya asubuhi, na yanayobaki huuzwa yakawa karo na unga. Ndiyo sababu ugonjwa wa kiwele ni hasara kubwa.

Ugonjwa huu huletwa na viini vinavyopenya kupitia tundu la chuchu. Kiwele huvimba na kuwa moto, na maziwa hutoka na madonge au damu. Lakini mara nyingi hakuna dalili yoyote. Maziwa hupungua tu, na mwenye ng'ombe hulaumu malisho.

Kipimo cha sabuni

Mwaka wa 1957 kipimo rahisi kilitangazwa huko California, Marekani. Maziwa kidogo ya kila chuchu huchanganywa na dawa ya namna ya sabuni. Yakiwa mazito kama ute, kiwele kinaugua. Kipimo hiki husema mwizi yumo nyumbani. Hakisemi ni nani.

Kumjua ni muhimu. Viini viitwavyo streptokoki vya kundi B hukaa kiweleni, na kwa kawaida penisilini huvimaliza. Stafilokoki hujificha ndani ya nyama ya kiwele na kurudi baada ya matibabu, hata pengine ng'ombe huondolewa kundini. Viini vya kinyesi vinaweza kumwua ng'ombe kwa muda mfupi, na penisilini ya kawaida haivitishi.

Askari wa damu

Hapa ndipo kingamwili husaidia. Hizi ni askari ambao mwili wa mnyama hujitengenezea, na kila askari humshika adui wake tu. Ndama huzipata katika dang'a ya mama yake.

Mwaka wa 1933, Bi. Rebecca Lancefield wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alieleza jinsi alivyozitumia kutambua viini. Sungura walidungwa viini vilivyokufa, nao wakaunda kingamwili. Maji ya damu yao yalipokutana na dondoo la viini vya aina ile ile, wingu jeupe lilitokea. Kwa aina nyingine, maji yalibaki safi. Hivyo ndivyo streptokoki za kiwele zilivyotengwa katika kundi B.

Siku hizi viini huoteshwa kwanza maabarani, kisha hukutanishwa na chembe ndogo zilizopakwa kingamwili. Zikishikamana, jibu hupatikana kwa dakika chache.

Mnywaji wa mjini

Jambo hili linawahusu hata wanaonunua maziwa mjini. Ng'ombe akidungwa dawa kwa kubahatisha, mabaki huingia katika maziwa. Yanaweza kumdhuru mwenye mzio wa penisilini, kuzuia mala isigande, na kuvizoeza viini dawa.

Mfugaji anawe mikono, asafishe chuchu na kumkamua mgonjwa mwisho. Akishuku ugonjwa, amwite daktari wa mifugo achukue maziwa katika chupa safi, yawekwe penye baridi na kupelekwa maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete au Karatina. Yachukuliwe kabla ya sindano, kwa maana dawa ikishaingia, huenda kiini kisioteshwe tena. Na baada ya sindano, maziwa yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.