Kwa nini UVIKO-19 haikuua watoto kwa kiwango kimoja kila nchi

UVIKO-19 ilikuwa hatari kwa wazee kuliko kwa watoto. Kati ya vifo milioni 4.4 ambavyo UNICEF ilivichambua kwa umri, watoto na vijana wa chini ya miaka 20 walikuwa zaidi ya 17,400, yaani asilimia 0.4 tu. Wastani huo wa dunia unaficha mengi.

England, yenye watoto wapatao milioni 12, ilichunguza kumbukumbu za kila mtoto aliyefariki kati ya Machi 2020 na Februari 2021. Waliokutwa na virusi walikuwa 61, lakini waliouawa na ugonjwa wenyewe ni 25, na wengi wao walikuwa na maradhi mazito tangu awali. Kwa upande mwingine, watafiti waliofuatilia watoto 469 waliolazwa mwaka 2020 huko Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini walihesabu vifo 39, sawa na asilimia 8.3. Takwimu hizi hazilinganishiki: moja inahusu watoto wote wa nchi, nyingine wagonjwa wa wodini. Mlinganisho wa haki ni wa wodi kwa wodi, na hospitali za Uingereza mwaka huohuo zilipoteza takribani mtoto 1 kati ya 100 waliolazwa. Pengo bado ni kubwa.

Virusi vilikuwa vilevile. Huduma ilitofautiana. Katika nchi hizo sita, walioathirika zaidi ni watoto wa chini ya mwaka mmoja na wenye maradhi mengine. Mtoto mchanga akishikwa na nimonia huishiwa nguvu za kupumua upesi, naye huhitaji oksijeni mapema. Zahanati nyingi za vijijini hazina hata kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Mtungi, ukiwapo, uko hospitali ya wilaya, na nauli ya kufika huko hutafutwa kwanza.

Umri wa wananchi nao una mchango wake. Uganda, ambako zaidi ya nusu ya wananchi hawajatimiza miaka 20, isingetarajiwa kuwa na mgawanyo wa vifo kama wa Ulaya.

Kisha kuna vifo visivyohesabiwa. Mjini Lusaka, Zambia, katikati ya mwaka 2020, watafiti walichukua sampuli puani mwa maiti zilizofikishwa mochwari ya hospitali kuu. Kati ya marehemu 364 waliopatiwa majibu, 70 walikuwa na virusi, saba kati yao wakiwa watoto. Miongoni mwa watoto hao saba, aliyewahi kupimwa akiwa hai alikuwa mmoja tu. Wale sita wengine, bila utafiti huo, wasingeandikwa popote kuwa walikuwa na UVIKO-19.