Petroli Iliyomwagika: Mvuke Usioonekana Ndio Hatari Kubwa

Lori la mafuta linapopinduka, macho ya wengi huelekea kwenye mafuta yanayotiririka mtaroni. Hatari kubwa zaidi huwa haionekani. Mnamo Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walifariki Sachangwan, karibu na Molo, moto ulipolipuka wananchi wakichota petroli kutoka kwa lori lililoanguka.

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi zilizoundwa kwa kaboni na hidrojeni. Mojawapo ni heksani, yenye atomu 6 za kaboni na 14 za hidrojeni. Tabia zake nne zinaeleza ni kwa nini petroli huua.

Kwanza, hugeuka mvuke upesi. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi, lakini haihitaji kuchemka ili iwake. Hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Mafuta ya taa, ambayo molekuli zake ni ndefu zaidi, kwa kawaida huhitaji joto la nyuzi 38 au zaidi. Kwa hivyo, baridi ya asubuhi haiifanyi petroli kuwa salama.

Pili, mvuke wa heksani ni mzito takriban mara 3 kuliko hewa. Haupandi juu, bali hutambaa ardhini na kujaa mitaroni na mabondeni. Jiko la makaa au bodaboda iliyo mbali inaweza kuuwasha, na moto ukarudi mbio hadi kwenye lori.

Tatu, kiasi kidogo kinatosha. Mvuke ukifika asilimia 1 hivi ya hewa, cheche ya swichi, sigara au injini inaweza kuuwasha.

Nne, haichanganyiki na maji. Lita moja ya heksani ina uzito wa gramu 660 hivi, ilhali lita ya maji ina gramu 1,000. Petroli nayo huelea, na ndoo ya maji husambaza moto badala ya kuuzima. Ndiyo maana wazima moto hutumia povu.

Wakazi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

- Wasikaribie lori lililoanguka, wala wasichote mafuta.
- Waondoke hadi mita 300 au zaidi, kuelekea upande ambako upepo unatoka, na waepuke mabonde.
- Wazime majiko yaliyo karibu kabla mvuke haujafika. Wakishanusa petroli, wasiguse swichi wala kuwasha pikipiki au gari.
- Aliyelowa petroli avue nguo hizo mbali na moto na aoge kwa maji mengi.
- Wakishafika mahali salama, wapige simu 999 au 112.

Nyumbani, petroli isihifadhiwe ndani wala kuchanganywa na mafuta ya taa ya stovu. Mtungi mmoja wa mafuta ya bure haulingani na uhai wa mtu.