Taa ya Urujuanimno Katika Kabati la Maabara

Kikopo cha makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, kiwe kimetoka mjini Morogoro au katika kijiji cha miteremko ya Uluguru, lazima kifunguliwe na mtu. Kazi zinazorusha vitone vingi hewani, kama vile kutayarisha makohozi kwa ajili ya kuotesha vimelea, hufanyiwa ndani ya kabati la usalama wa kibaiolojia.

Kinachomlinda mtaalamu hapo ni mkondo wa hewa. Feni huvuta hewa kuingia kabatini ili vitone visimfikie usoni, kisha hewa hiyo hupita katika kichujio cha HEPA kinachonasa vimelea. Taa ya urujuanimno ni nyongeza tu, lakini kwa kuwa ndiyo inayoonekana, huaminiwa kupita kiasi.

Mionzi yake, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 254, huharibu DNA ya vimelea hadi vishindwe kuzaliana. Jicho la binadamu haliioni mionzi hiyo. Ule mwanga wa buluu ni kitu kingine, na taa iliyochakaa huweza kuendelea kung’aa ilhali nguvu yake ya kuua imefifia. Vumbi huizuia, kilicho kivulini mwa chupa hakiguswi, na unyevunyevu mwingi wa hewa, jambo lisilo geni chini ya milima yenye mvua, huidhoofisha zaidi.

Tena haipenyi. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kutambua kifua kikuu kwa kunusa makohozi. Kabla panya hawajapewa sampuli, vimelea huuliwa kwa joto. Joto hufika katikati ya kohozi zito. Mionzi ya taa huishia juujuu.

Ndiyo maana kabati husafishwa kwa kitambaa na dawa, kabla ya kazi na baada yake, na dawa huachwa kwa muda ulioelekezwa. Klorini ikitumika, ifutwe baadaye, kwani hula chuma. Miongozo ya CDC ya Marekani haipendekezi taa hizi makabatini wala haizihesabu kuwa za lazima. Maabara inayoitumia taa hiyo iifute kila wiki ikiwa imezimwa na kupoa, na ipime nguvu yake kwa kifaa.

Isiwashwe watu wakiwa chumbani. Mionzi huunguza ngozi na kujeruhi macho, nayo maumivu huchelewa kwa saa kadhaa, kisha mtu huhisi kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Mhudumu anayepatwa na hali hiyo usiku asidhani ni vumbi la njiani. Aende akatibiwe, na aeleze kuwa alikuwa karibu na taa.

Kwa upande wa mgonjwa, akoholee nje penye hewa, mbali na watu, na akifunge kikopo barabara kabla ya kukikabidhi.