Udongo Uwahi Ungali Maji

Huku Marereni chumvi huvunwa kwa subira ya jua. Ufinyanzi nao wataka subira ya mikono. Mwanafunzi wangu mmoja alibomokewa na vyungu vinne juu ya gurudumu, kwa kuwa donge halikukaa katikati. Nilikaribia kumpa sufuri. Cha tano kilisimama, shingo imeinama. Akakataa kuinyosha, akisema ndivyo alivyoitaka.

Nikamkumbuka Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza ufinyanzi wa mikono mitupu huko Abuja, Nigeria, mwaka 1974. Vyungu vyake kadhaa vimeinamisha shingo, na makumbusho ya London yanavihifadhi.

Walimu wenzangu, tusipime chungu kilichosimama pekee. Tupime na vinne vilivyokifundisha kusimama.